Puli Iliyokwama

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Tshiela alikuwa akikunja mkeka, akimnawisha uso mdogo wake Kabeya, kisha akichukua bidoni la njano la kutekea maji na kupanga foleni kwenye bomba la shule. Ilikuwa wiki ya tatu sasa tangu familia yao ianze kulala katika darasa la nne la shule ya masista, huko Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi.

Mwaka huo wa 1993, watu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine wa Zaire, walikuwa wakifukuzwa Kolwezi na kote Katanga, hata wale waliozaliwa hapo hapo, kama Tshiela na baba yake. Walitolewa kwenye nyumba ya kampuni ya migodi, nao wakawa wanangoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Siku ya kuondoka, Kazadi, babake Tshiela, aliyekuwa fundi wa magari, alibeba mfuko wa vifaa vyake akaacha godoro. Mama hakuchoka kumtania.

"Sisi tunalala kwenye saruji," alisema, "lakini spana zako zinalala vizuri!"

Baba alicheka. Tshiela naye alicheka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa na marafiki wapya katika kila darasa lililojaa familia za waliofukuzwa, na foleni ya maji ilikuwa mahali pazuri pa kupiga hadithi.

Tatizo lilikuwa nyasi. Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimezikuza hadi kiunoni mwa mtu mzima. Mbu walijaa humo, na juzi Mama Kapinga, jirani yao darasani, alikuta nyoka chini ya mzigo wake, hatua mbili tu kutoka pale mtoto wake alipolala. Masista walikuwa na mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa na kuendeshwa kama trekta ndogo, lakini visu vyake vilikuwa vimeacha kuzunguka.

Mlinzi wa shule aliitwa Mukalay. Alikuwa mwenyeji wa Katanga. Vijana wa mtaani kwake walimwonya asiwasaidie hao waliowaita wageni, lakini yeye alikuja kazini kila siku na buti zake za mpira.

"Tata Kazadi," alimwambia baba kwa heshima, "mi ninajua kuiendesha hii mashine tu. Kuitengeneza ni kazi yako."

Wakafungua pamoja lile bamba pana linalofunika visu, wakalilaza juu ya matofali kwenye kivuli cha ukuta. Baba akajaribu kuzungusha mhimili, kile chuma kinachobeba kisu. Haukuenda.

"Beringi imekufa, gololi zake hazizunguki tena," alisema. "Masista wana nyingine stoo. Lakini lazima kwanza tutoe hii puli."

Puli ni gurudumu dogo la chuma ambalo mkanda hupita kwenye ukingo wake. Baba alifungua nati ya juu, akaivuta puli kwa mikono miwili. Wapi! Kutu ilikuwa imeigandisha kabisa kwenye mhimili wake. Akaimwagia mafuta kidogo.

"Mi ninaenda stesheni kuuliza habari za treni. Tshiela, kila baada ya muda weka matone mawili hapa katikati. Usiguse kitu kingine."

"Ndiyo, tata," alimjibu baba yake.

Mukalay naye alibaki kidogo akifagia, kisha akaitwa jikoni na masista.

Tshiela aliweka matone mawili. Akangoja. Akaweka mengine. Aliiangalia puli, akaona kama imebaki kidogo tu kutoka. Itakuwaje baba akirudi aikute imetoka tayari? Angemsifu mbele ya watu wote! Alichukua nyundo kwenye mfuko, akapiga ukingo kwa chini. Puli haikutikisika. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu ukingo ulipinda kama mdomo wa sufuria iliyoanguka.

Alirudisha nyundo mfukoni, akachukua bidoni lake, akakimbilia kwenye foleni ya maji.

Baba aliporudi alasiri, watu kadhaa walikuwa wamekusanyika kuangalia. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Nani amepiga hapa?"

Kijana mmoja, Ngeleka, akapaza sauti. Nyumba ya mjomba wake ilikuwa imechomwa moto, na tangu siku ile hakuwa akicheka na mtu.

"Unauliza nini, tata? Ni huyu Mukalay! Alibaki hapa peke yake binti yako alipoenda kuchota maji. Watu wa kwao wametunyang'anya nyumba, sasa hawataki hata tulale mahali safi!"

"Mi sikugusa kitu," alisema Mukalay.

"Muongo!" Ngeleka alimshika mkono. Wanaume wengine wawili wakasogea. Mama Kapinga akamwita mtoto wake arudi ndani.

Tshiela alisimama nyuma ya watu, bidoni limejaa kichwani. Alimwona Mukalay akitazama lango, na kofia yake imeanguka chini. Tshiela akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini miguu ya wale wanaume ilizidi kusogea. Alitua bidoni, maji yakammwagikia miguuni.

"Ni mi!" alilia. "Tata, ni mi nilipiga na nyundo! Tata Mukalay hakuwa hapa!"

Watu waligeuka. Ngeleka aliuachia ule mkono polepole. Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na Tshiela akaona afadhali angepigwa.

"Okota kofia ya tata Mukalay," baba alisema hatimaye. "Mpe kwa mikono miwili, umwombe radhi. Kisha uje hapa. Kazi hii tutaimaliza wote."

Tshiela alifanya hivyo. Mukalay aliivaa kofia, akamgusa bega.

Mama Kapinga alileta maji yanayochemka kutoka kwenye mbabula yake, jiko la makaa, na baba akayamwaga juu ya puli ili chuma kipanuke. Halafu akafunga chombo cha kung'olea, chenye kucha tatu za kushika puli kwa chini na bolti ndefu ya kusukuma mhimili katikati.

"Zungusha bolti robo," alimwambia Tshiela. "Sasa ngoja. Weka mafuta. Robo tena."

Spana ilimuumiza viganja. Maji yakamwagwa mara ya pili, mara ya tatu. Halafu, kwa mlio mkali uliowafanya wote waruke, puli ilitoka! Watoto walipiga makofi.

Ngeleka ndiye aliyeleta kipande cha reli cha kugongea. Alimwambia Mukalay, "Unisamehe, tata," kisha akakishikilia wakati baba akinyoosha ukingo taratibu, kipande cha mbao kikiwa kati ya nyundo na chuma. Beringi mpya ikaingia. Puli ikarudishwa, safari hii na grisi.

Asubuhi iliyofuata Mukalay alikaa juu ya mashine, akazunguka uwanja wote. Harufu ya nyasi mbichi ilijaa hadi madarasani, na kabla ya saa sita watoto walikuwa wakicheza mpira pale ambapo juzi hakuna aliyethubutu kupita.

Tshiela na baba walikaa ukutani wakiwatazama.

"Tata, bado umekasirika?"

"Jana nilikasirika. Nilikuambia usiguse, ukagusa kwa sababu ulitaka sifa. Chuma kile kilitaka subira, na wewe ukakipa nguvu. Lakini chuma tumekinyoosha. Ungenyamaza, mtu mwema angepigwa bure, na sisi tungeondoka Kolwezi tukiamini kwamba hapa hatukuwa na rafiki hata mmoja. Uliogopa, lakini ulisema kweli kabla hajaumizwa mtu. Fanya hivyo siku zote, mwanangu, popote treni itakapotupeleka."

"Nimesikia, tata."

Kule uwanjani marafiki zake walikuwa wakimwita. Baba akamsukuma mgongoni kidogo, naye akakimbia kwenda kucheza.