Usimtazame Baba

Siku ya kupima watoto wanaoanza shule, ukumbi wa chekechea ulijaa wazazi, vilio na harufu ya sabuni ya sakafu. Mpima masikio, gauni la buluu likichungulia chini ya koti jeupe, alimvisha msichana wa miaka minne hedifoni kubwa kuliko kichwa chake.

"Ukisikia mlio, tia kete kwenye ndoo. Sawa, mama?"

Wote walimwita Kimya. Mtoto mpole, walisema. Baba yake, fundi rangi aliyefiwa na mke, alisita mlangoni.

"Niingie, dada? Asiponiona atalia."

Kanuni ya kazi inasema mzazi akae nyuma ya mtoto. Lakini mwanamume yule alikuwa na mabega mapana na sauti tulivu, na mpimaji alitaka kumtazama. Akamwekea kiti kando yake, mbele ya mtoto. Kete zote zikaingia ndooni.

"Anasikia vizuri."

"Basi nipe namba yako, asije akaacha kusikia."

"Mjanja wewe."

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula rangi kutwa nzima."

"Nikija nitakusugua kwa msasa."

Jumapili moja mpimaji akaja kweli nyumbani kwa fundi. Kimya alikuwa chini anapanga vizibo, amewapa mgongo. Sufuria likamponyoka mpimaji, likapiga sakafu kwa kishindo. Jirani alichungulia dirishani. Mtoto hakugeuka.

Mpimaji akasogea nyuma yake. Akapiga makofi. Akaita. Kimya akaendelea kupanga vizibo.

"Siku ile ulimpa ishara," alinong'ona. "Kidole changu kikibonyeza kitufe, wewe unainua nyusi."

"Nilitaka apite tu."

"Ulijua hasikii?"

"Nilijua shule zitamkataa. Nilisoma na mmoja wa hivyo. Walimwita kichwa maji mpaka akakimbia."

"Nimetia sahihi uongo wako."

"Kile kiti nilijiwekea mwenyewe?"

Mpimaji akachukua mkoba, akatoka bila kuaga.

Wangapi tulikaa nao dawati moja, wakaitwa wakaidi, wakachapwa kwa amri wasiyoisikia? Hakuna mwalimu aliyerudi kuwaomba radhi. Fundi hakusahau, na woga ulimfunga mdomo.

Wiki zikapita bila simu. Kisha mchana mmoja ikaita.

"Mwalimu kamvuta sikio mpaka likavimba. Eti jeuri." Ilikuwa sauti ya fundi. "Nifanyeje?"

"Mlete sasa hivi. Na wewe utakaa nje."

Mlango wa chumba cha vipimo ulifungwa. Fundi alisimama koridoni, ametega sikio asikie kete ikianguka. Hakusikia kitu. Akaegemea ukuta. Ndipo ikaanguka moja. Baada ya muda mrefu, nyingine.

Mpimaji alitoka macho mekundu.

"La kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kidogo, kifaa kitalisaidia. Kesho nitakwenda shuleni mwenyewe. Na kosa langu nimeshamwambia mkuu wangu."

"Watakufukuza?"

"Sijui."

"Naogopa, mpenzi. Shule, watu, kila kitu. Hata wewe nakuogopa."

"Mimi naogopa zaidi yako." Alimshika mkono, nao ulikuwa baridi kama wake. "Nioe, basi, tuogope nyumba moja."