Paa la Mama Nabintu

Bénite na Josaphat walikutana katikati ya soko kuu la Butembo, kila mmoja ameshika upande wake wa katoni moja ya sabuni. Bénite alikuwa na kitenge cha rangi ya machungwa na ndala, tayari kwa matope. Josaphat alivaa suti, tai, na viatu vyenye ncha ndefu.

"Achilia, mama. Hii iko ya kazi ya Mungu. Sisi banafunzi ba kanisa tunaenda Idjwi, kutumikia batu ba kisiwa."

"Mimi pia niko ku liste. Ni mimi banatuma kununua sabuni. Weye uko nani?"

"Mukubwa wa mission."

Bénite akamtazama kutoka tai hadi chini. "Na hivi biatu, ni bya kutembea juu ya maji?"

Kijana akacheka, kicheko cha kweli, bila kuangalia nani anamwona. Kicheko hicho ndicho kilichomnasa Bénite.

Walichofanya kisiwani hakistahili sifa nyingi. Wanafunzi ishirini wenye fulana za manjano waliimba vizuri, wakaomba kwa maneno mengi, wakapigwa picha na majembe mkononi, kisha wakayaweka chini majembe. Wenyeji, waliojilisha wenyewe kabla wageni hawa hawajazaliwa, ndio waliowapikia.

Bénite, aliyesomea uuguzi, alisafisha vidonda. Alikaribishwa kwa Mama Nabintu, mjane. Mchana Josaphat alimbebea Bénite maji akimtania njia nzima, na mjane aliwatazama.

"Ule murefu anakupenda," mama akasema. "Lakini anapenda telefone zaidi."

Siku ya nane wanafunzi waliezua nyasi za nyumba ya mjane ili waweke mabati. Josaphat alipanda, akagongomea bati moja, akapigwa picha. Siku ya kumi mtumbwi wa injini ukaja, wakapanda wote. Mabati mengine yalibaki uani. Bénite aliamini kuna fundi aliyeachiwa kazi.

Jumapili, kanisani Butembo, ile picha ilionyeshwa ukutani.

"Tumemujengea mama mujane nyumba," Josaphat akashuhudia. "Leo analala pakavu."

Makofi yakapigwa. Nje, Bénite akamngoja.

"Fundi gani ulimuachia kazi?"

"Chérie, batu banahitaji kutiwa moyo."

"Donc hakuna fundi."

Josaphat akashika tai. Bénite akamwacha hapo na tai yake.

Wiki hiyo alienda Beni kufanya mazoezi ya uuguzi katika kituo cha afya, kata ya Ruwenzori. Josaphat akapiga simu.

"Chérie, umeamka aje?"

"Chini ya paa."

"Unanizarau."

"Ndiyo. Nakuzarau na nguvu yangu yote."

"Hata mapendo kidogo hakuna?"

"Iko. Na inaniuma. Kupenda mutu wa bure ni haya. Usiniite tena."

Majuma matatu yakapita. Kisha namba asiyoijua ikaita: Mama Nabintu, kwa simu ya jirani.

"Mutoto yangu, ule murefu amerudia, peke yake. Hajui nyundo hata kidogo, amejipiga kidole. Lakini amemaliza. Mvua haiingie tena."

Jumapili iliyofuata Abigaïl, rafiki wa Bénite wa kwaya, alimpigia simu.

"Josaphat amesimama mbele ya kanisa, amesema alidanganya. Bamemutosha ku kazi ya ukubwa, hayuko tena mukubwa wa mission. Batu banamucheka, banasema ni weye ulimuloga."

"Na yeye?"

"Alikaa mpaka mwisho wa ibada. Hakukimbia."

Jumanne Josaphat alisimama kwenye lango la kituo cha Beni, amekonda, shati limejaa vumbi la njia, ukucha wa dole gumba mweusi.

"Umekuja usifiwe?" Bénite akauliza.

"Hapana."

"Bon. Sababu sitakusifu. Ile kazi, mutu anaimalizaka kabla ya kupigwa picha."

"Najua."

Hakuongeza mstari wa Biblia wala maombi. Bénite akashika dole lile, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huu ukucha utaanguka."

"Utaota ingine?"

"Utaota. Polepole."

"Bénite, nataka nikuoe."

Alimtazama kwa yale macho makali ya sokoni, lakini hakuachilia mkono.

"Jumamosi, siku ya posho, baba yangu anachimba viazi kule Masereka. Ni mukatoliki, hapendi mahubiri. Utachimba naye mpaka magunia yajae. Kisha utamuambia chenye umeniambia mimi."

"Na akikatala?"

"Utarudia posho ingine."

Mgonjwa aliyefuata alikuwa anangoja kwenye benchi. Bénite akamwomba avumilie kidogo.