Hesabu ya Chaza wa Rossadoon

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumanne tarehe tisa Septemba, bamvua ilikuwa imeyavuta maji ya ghuba ya Rossadoon mpaka mbali, na mzee Colman Tierney alikuwa amesimama juu ya mwamba wa chaza, mmoja mkononi. Chaza aliye hai hujifunga ukimgusa. Huyu alikuwa ameachama. Mzee akaokota wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote wazi, na ndani hamna nyama ila tope. Akampigia simu Dervla Coyne.

"Njoo, binti yangu," mzee alisema. "Wamekufa."

Dervla alikuwa afisa wa ulinzi wa uvuvi, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mtu wa kuandika saa na dakika hata anapokwenda kununua mkate. Colman alikuwa baba yake wa ubatizo. Bahari ilipomchukua baba yake mzazi, Dervla akiwa na miaka tisa, ni Colman aliyemfundisha kuogelea, kusoma maji, na kumfungua chaza bila kujikata. Alimwita mjomba, kazini na nyumbani.

Alichukua chaza sitini, akawapeleka maabara. Jibu lilirudi tarehe kumi na tisa: kimelea. Hakimdhuru mlaji, lakini kikiingia kwenye mwamba hakuna dawa, hakuna chanjo, hakuna wa kukiondoa. Nacho hakitembei chenyewe kutoka ghuba hadi ghuba. Huletwa ndani ya chaza mwingine. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyewaleta Rossadoon chaza wa kwingine, na hilo lilikuwa kosa la jinai.

Ukubwa wa msiba huo kila mtu pale aliujua. Mababu wa Rossadoon walikuwa wamewavua chaza wa asili mpaka wakakaribia kwisha. Miaka saba iliyopita wavuvi na wanasayansi, watu ambao zamani hawakuwa wakisalimiana, wakashikana mikono. Vifaranga vikazalishwa kwenye matangi, vikashikamana na magamba ya kome, kisha vikashushwa baharini kwa mikono ya wavuvi wenyewe. Ghuba ilikuwa safi, bila kimelea chochote, na ghuba nyingine kumi na moja za Ulaya zilisubiri mbegu yake. Wafadhili waliweka sharti moja tu: mwaka wa saba, wastani usipofika chaza watano kwa kila mita ya mraba, mradi unafungwa. Hesabu ilifanywa tarehe kumi na nane Machi. Wakapatikana tisa. Baa ya kijiji haikuwahi kuona furaha kama ile.

Dervla alianzia jikoni kwa Colman, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. Mzee alimmiminia chai, akamkatia mkate, akakisahau kipande juu ya kisu.

"Nani anakuchukia hivi, mjomba?"

"Hakuna anayemchukia mtu hapa zaidi ya kawaida."

"Malachy?"

"Malachy ana mdomo tu." Mzee aliangalia dirishani. "Tumetoka mbali, binti. Jumamosi ile kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick nilishuka mwenyewe maji yalipokupwa. Nikahesabu mita kwa mita. Wawili hapa, watatu pale. Usingizi ukanipaa. Miaka saba, nikasema, kwa wawili watatu. Na sasa hata hao hawapo."

Dervla aliandika kila neno, kama ilivyokuwa desturi yake, bila kusikia alichokiandika. Alikuwa akiangalia mikono ya mzee ilivyokuwa ikitetemeka.

Dervla alimkuta Malachy Devane kwenye shamba lake, upande wa pili wa ghuba, akigeuza mifuko ya chaza wa Kipasifiki juu ya meza za chuma. Mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba mwamba wa ushirika umekalia mahali pazuri pa meza zake.

"Karibu, Bi Afisa! Nilijua utakuja. Mbuzi akipotea, fisi ndiye wa kwanza kuulizwa."

"Mbegu zako unazitoa wapi?"

"Kwenye matangi, zina cheti. Nenda ofisini ukavisome vyeti vyote mpaka macho yaume. Na ukimaliza, uniambie nitakula nini, maana mmeifunga ghuba nzima. Sina ruhusa ya kutoa hapa hata chaza mmoja. Nijichome nyumba yangu ili nimkomoe jirani?"

"Uliwahi kusema hadharani kwamba mwamba ule ungekufa ungecheka."

Malachy aliuacha mfuko. "Nilisema. Nimekuja kucheka, kicheko hakiji." Kisha akamkazia macho. "Tafuta kwenu kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako."

Vyeti vilikuwa sawa, vyote.

Wa tatu alikuwa Daktari Sanne Hoekstra, Mholanzi, mwanasayansi wa mradi. Yeye ndiye aliyezunguka ghuba zote na mabuti yake na fremu zake za chuma, na kazi yake ilisimama au kuanguka na hesabu ya Machi. Kijijini minong'ono ilikuwa imekwisha kumhukumu. Alipomfungulia Dervla mlango, macho yake yalikuwa mekundu.

"Wanasema ni mabuti yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Kila safari nayaloweka dawa siku mbili. Daftari hili hapa. Lakini silali, Dervla. Nikifumba macho nayaona mabuti."

"Niambie wafu wako wapi hasa."

Sanne alitandika ramani. Mwamba ulikuwa na vigingi kumi na viwili, na kuzunguka kila kigingi ndipo ilipowekwa fremu ya kuhesabia. Cha kwanza hadi cha nne vilikuwa ufukoni, mahali mtu anapofika kwa miguu wakati wa bamvua. Cha tano hadi cha kumi na mbili vilikuwa kwenye kina, kwa wapiga mbizi tu. Wafu walirundikana kwenye vile vinne vya kwanza, kwa duara, kila duara kigingi katikati.

Dervla aliitazama ramani mpaka chai ikapoa. Anayetaka kuua mwamba humwaga popote. Aliyemwaga hapa alichagua mahali pa kuhesabiwa. Hakutaka chaza wafe. Alitaka waonekane wengi.

"Unayo magamba ya waliokufa?"

Walikuwa nayo ndoo tatu. Wakayaosha, wakayapanga mezani. Chaza wa mradi alizaliwa juu ya gamba la kome, na kipande cha kome humganda penye bawaba maisha yake yote, cheusi, kikubwa kama kucha. Wengi wa waliotoka kwenye fremu nne za ufukoni walikuwa nacho? Hapana. Kati ya kila kumi na mmoja, tisa hawakuwa na kitu.

"Hawa si wetu," Sanne alisema. "Niliwapiga picha wote mwezi Machi, pande zote mbili. Niliwashika kwa mikono hii. Nilifurahia idadi nikasahau kutazama."

"Unaweza kuwatoa kwenye hesabu?"

"Kwa zile picha, ndiyo. Nipe siku mbili."

Jioni hiyo Dervla alikaa kwenye gari na daftari lake, akasoma mahojiano tangu mwanzo. Alipofika kwenye ya jikoni alisimama. *Jumamosi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Wawili hapa, watatu pale.* Jumamosi ilikuwa tarehe kumi na tano Machi. Tarehe kumi na nane, kwenye vigingi vilevile vya ufukoni, fremu zilitoa kumi na mmoja. Chaza hana miguu. Kati yake kulikuwa na siku mbili tu, Jumapili na sikukuu yenyewe.

Siku ya sikukuu maji yalikupwa saa saba mchana, na saa saba mchana Rossadoon nzima ilikuwa kwenye maandamano. Malachy aliendesha trekta lililopambwa kijani. Sanne alivaa gamba la chaza lililotengenezwa kwa boksi, watoto wakamrushia peremende. Bendera ya ushirika, ambayo kwa miaka thelathini ilibebwa na mtu mmoja, mwaka ule ilibebwa na Dervla mwenyewe, kwa sababu mwenyekiti aliomba radhi kwamba goti linamuuma. Goti lililoshuka mwambani juzi yake, likarudi salama.

Alitamani asingekuwa na tabia ya kuandika. Alitamani angekuwa amesahau kitu kimoja tu kati ya vyote, lakini kalamu yake ilikuwa haijaacha hata dakika. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani akalia, akijua kwamba kulia huko hakutamfaa mtu.

Jumanne tarehe thelathini Septemba, saa tisa alasiri, aliwaita wote watatu kwenye banda la ushirika. Mlangoni Sanne alimpa karatasi iliyokunjwa. Dervla akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena, akatia sahihi, akaitia mfukoni.

Aliyamwaga magamba mezani, mafungu mawili.

"Haya yana kome. Haya hayana. Haya yasiyo na kome yaliletwa kutoka ghuba nyingine tarehe kumi na saba Machi, saa saba mchana, na mtu aliyejua vigingi viko wapi."

"Mimi nilikuwa kwenye trekta," Malachy alisema haraka. "Kuna picha. Nilivaa ndevu za bandia, lakini ni mimi."

"Najua."

"Sasa nani? Daktari?"

"Mwache daktari," alisema Colman.

Alisema taratibu, kama mtu anayeomba apishwe njia. Alikuwa amevua kofia.

"Usiseme zaidi, mjomba," Dervla alisema. Hakuwa na haki ya kusema hivyo, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle bandani. "Unaweza kutafuta wakili kwanza."

"Wakili atawafufua?" Mzee aliligusa gamba moja. "Nilihesabu nikapata wawili, watatu. Walitaka watano. Nikaona wanakuja kutufungia, na miaka saba yote, na watu niliowaambia wauze nyavu zao waniamini. Kusini yuko mchuuzi, anawauza kwa magunia. Nikamwambia nina karamu. Magunia sita. Akaniapia wako safi."

"Na ukaamini?" Malachy aliuliza. "Wewe? Uliyenizomea mkutanoni kwa ajili ya vyeti?"

"Niliwaosha, Malachy. Kwa maji ya bomba, mmoja mmoja, kwa brashi. Siku nzima ya Jumapili. Ni chaza walewale, nikasema, ndugu wa hawa wetu. Nitawakopa kwa siku moja wahesabiwe, kisha nitawatoa. Siku iliyofuata hesabu dhoruba ikaingia, na bamvua iliyofuata sikuweza tena kumjua yupi ni yupi."

Malachy alifungua mdomo. Dervla alisubiri tusi, maana mtu yule alikuwa amefungiwa shamba kwa kosa la mwingine. Lakini Malachy alivuta kiti tu, akakisukuma nyuma ya magoti ya mzee.

"Kaa, mzee. Kaa kabla hujaanguka."

Sanne aliuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ningewatoa wote mwezi Machi ule ule."

"Ulikuwa unacheka," alijibu Colman. "Sikuwahi kukuona unacheka vile."

Hakukuwa na pingu, sheria haikuzitaka. Sheria ilimpa Dervla uwezo wa kumshtaki mtu wa miaka sabini na mbili, haikumpa uwezo wa kuisafisha hata ndoo moja ya maji ya ghuba. Alimshika mkono mpaka kwenye gari, akamfunga mkanda kama yeye alivyokuwa akimfunga zamani.

Walipofika njia panda mzee alimgeukia.

"Dervla."

"Naam, mjomba."

"Wale wangu ukiwatoa. Wetu peke yao walikuwa wangapi?"

Karatasi ya Sanne ilikuwa mfukoni, inamchoma ubavu. Ufukoni wawili kwa mita, kweli kabisa. Jicho la mzee halikukosea. Lakini huko kwenye kina, ambako mguu wa mzee haukufika, walikuwa wanane. Wastani: sita. Mwamba ulikuwa umefaulu wenyewe kabla gunia la kwanza halijafunguliwa.

"Wanne," alisema Dervla.

Colman alishusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo wangetufungia tu."

"Wangetufungia."

"Basi," alisema mzee, akaegemeza kichwa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tarehe tisa mikono yake ikatulia mapajani. "Basi, binti yangu. Nilidhani ni mimi niliyeuua mradi."

Karatasi ile ilikuwa kielelezo namba tatu, imetiwa sahihi ya Dervla, na ingesomwa kwa sauti mahakamani tarehe ishirini na moja Oktoba, mzee akiwa amekaa mbele. Hakukuwa na namna ya kuiondoa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Dervla alikata kushoto, akashika njia ndefu ya kwenda nyumbani kwa mzee, ile isiyoonyesha bahari.