Mtoto wa Dada Aliyeniuzia Sufuria za Watu Kumi

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango na hotpot ya kuku mkononi, nikasikia ukumbi mzima ukisema salamu ya kwetu kwa pamoja kama watoto wa nursery.

"Mulembe."

"Tena. Na mtabasamu."

"Mulembe..."

Sauti ya mwalimu niliijua. Ilikuwa ya Brigid, mtoto wa dada yangu.

"Sasa ukipata mama Mbukusu," akaendelea, "mpe hiyo salamu, halafu muulize ukoo wake. Akiutaja, shtuka kidogo. Sema, 'Ai, si mama yangu ni wa huko.' Hapo umemaliza kazi."

Watu wakacheka.

"Kuna mmoja wa mtaa wa Pioneer nilimfanyia hivyo. Alinichinjia kuku."

Wakacheka tena.

Wadau, huyo mama wa Pioneer ni mimi.

Wacha niwaeleze vizuri.

Naitwa Nasike. Nashona uniform za shule kwa duka ya mtu hapa Eldoret. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Binti yangu aliolewa Mombasa, na akipiga simu anauliza kama nimekula, halafu mtoto analia, halafu anakata.

Jumapili nikitoka misa nawasha redio kabla hata sijavua viatu, ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Mji umejaa watu, nakubali. Lakini kwa ploti yetu kila mtu na mlango wake, na mlango umefungwa.

Ndipo Brigid akabisha.

Siku ya kwanza aliomba maji tu. Akanywa, akashukuru, akaenda. Siku ya pili aliomba kucharge simu. Hakutaja biashara hata kidogo, na mimi nikaanza kumpenda bila kujua kwa nini. Mtu ukimsaidia mara mbili tatu unaona kama ni wako.

Siku ya tatu akaniuliza ukoo wangu. Nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Ai. Si mama yangu ni wa huko."

Ninyi ambao si wa kwetu, eleweni hapa. Mwanamke wa ukoo wetu akizaa popote, huyo mtoto ni wetu. Akiingia kwako hatoki mkono mtupu, na akiomba kitu humnyimi. Ukimnyima utajieleza kwa nani?

Jumapili hiyo hiyo nilichinja kuku.

Akawa anakuja kila Jumapili. Ananiita Aunty. Anakaa mpaka jua linashuka, ananisikiliza hadithi za marehemu mume wangu bila kuangalia simu. Siku moja akafungua begi, akatoa sufuria. Zile zinazong'aa, chakula hakishiki, seti nzima. Ile kubwa inatosha ugali wa watu kumi.

"Lakini mimi napikia mtu mmoja," nikamwambia.

"Na siku tukija sote hapa, Aunty? Utatupikia na nini?"

Hiyo siku ndiyo niliyolipia, ndugu zangu. Nilishaiona kabisa. Watoto wanapiga kelele, mtu anauliza chumvi iko wapi, hakuna mahali pa kukaa...

Kila mwezi akawa analeta kitu kipya. Mara vifuniko, mara kikaango. Nilinunua mpaka vikaisha. Na vilipoisha, Brigid akaanza kupotea. Nikipiga simu haishikwi. Nikituma message inasomwa tu.

Mimi mjinga nikasema mtoto ni mgonjwa.

Leo nikanunua kuku wa kienyeji, nikampika kwa ile sufuria kubwa, nikampakua kwa hotpot asipoe. Kwetu huendi kuona mgonjwa wako mikono mitupu. Nikaulizia wale wanaouza na yeye, wakanionyesha ukumbi fulani juu ya hardware, karibu na soko. Nikapanda ngazi nikijua naenda kumtia mtu moyo.

Nikakuta anafundisha.

"Kumbukeni," alikuwa anasema, "usianze kwa kumpa mtu zawadi. Atashtuka, atajua unataka kitu. Wewe muombe. Omba maji, omba chochote kidogo. Akishakusaidia, akili yake inajiambia, 'Kama nilimsaidia huyu, basi nampenda.' Hiyo ni saikolojia, watu wameichunguza."

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. "Na akishanunua kila kitu?"

"Unampunguza polepole. Usigombane naye. Wewe usishike tu simu."

Hapo ndipo nilisukuma mlango.

Brigid akageuka, akaona hotpot kabla hajaniona mimi.

"Aunty..."

"Nilidhani uko mgonjwa."

"Niko tu sawa."

"Mama yako ni wa ukoo gani, Brigid?"

Akaangalia wanafunzi wake. Akaangalia viatu. "Mama ni wa Kericho, si Mbukusu," akasema. "Aunty, usichukue vibaya. Ni kazi. Hivi ndivyo tunafunzwa."

"Sufuria sawa, nimeelewa. Lakini zile Jumapili ulikaa kwangu mpaka jioni bila kuuza kitu?"

Akafikiria. Nafikiri alitaka kunijibu ukweli, na akanijibu.

"Hiyo ilikuwa follow-up ya mteja."

Nikashuka ngazi na kuku wangu. Sikulia kwa barabara. Nililia nikifika kwa mlango, nikitafuta ufunguo, na nikaumia kwamba hakuna hata mtu wa kuniona nikilia.

Nikakaa. Kuku mezani, mimi kitini, redio sikuwasha. Kisha nikawaza kitu.

Mlango unaotazamana na wangu anakaa Mama Amondi. Ni mama wa makamo kama mimi, anauza mitumba. Tumeishi hivyo miaka, "Habari yako," "Nzuri," basi. Nikajiambia, kama yale maneno ya Brigid yanafanya kazi kwa mwizi wa roho, hayawezi kufanya kazi kwa mtu ambaye hataki kitu?

Kuku nilimwacha ndani. Si mwalimu alisema ukianza na zawadi mtu anashtuka?

Nikavuka, nikabisha.

Akafungua kidogo tu, nusu ya uso.

"Mama Amondi, samahani. Naomba chumvi kidogo."

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwa slippers.

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Ni chumvi tu."

"Mwingine alianza na maji." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kama ni sufuria, ninazo."

Na nikaziona, nyuma ya bega lake, juu ya kabati. Seti nzima. Ile kubwa haikuwa imetolewa hata nailoni.

"Mimi pia ninazo," nikasema.

Akageuka, akaziangalia zake.

"Wewe alikuambia nini?" akauliza.

"Kwamba ni mtoto wa dada yangu."

"Mimi aliniambia mama yake ni wa kwetu, Ugenya."

Akaondoka pale mlangoni. Nikangoja. Nilifikiri anaenda kuleta kiti. Akarudi na chumvi kwa kipande cha gazeti, akanipitishia kwa ile nafasi ndogo, akafunga. Nikasikia komeo.

Ndugu zangu, mimi simlaumu. Hata mimi leo nisingejifungulia mlango.

Somo langu ni hili. Mtu akikuuzia kwa undugu wa uongo, hasara haiishii kwako. Inamngoja na yule wa baadaye, atakayebisha kwa nia safi, akute komeo. Ninyi mnaofunzwa saikolojia ya kuuza, uzeni, hiyo ni riziki. Sifuni sufuria mpaka mkauke koo. Ukoo wa mtu na salamu ya kwao wacheni.

Chumvi iko hapa mezani, bado imefungwa kwa gazeti. Kwangu imejaa mkebe mzima, sikuwa nahitaji. Kesho nitavuka tena nikairudishe, nione kama atafungua.