Gundi Chini ya Mtutu

Rafiki yangu Delbert, wa hapa Montana, si mtu wa kutunga, na anayebisha aje abishane na mimi. Shemeji yake Lowell alikuwa amepiga risasi tatu zikapita tundu moja, kwa bunduki ya dukani kama ya Delbert.

"Hiyo yako fagilia theluji, shemeji," Lowell alimcheka mbele ya watu.

Wivu ukamla. Akajifungia bandani ili bunduki yake nayo ilenge sawa, akaisugua mbao yake kwa msasa mpaka isiguse mtutu, kisha akamimina gundi ngumu mahali panapokaa chuma, kisitikisike tena. Jioni hiyo theluji ikakata umeme. Akawa anakaza skrubu za kukibana chuma kwenye gundi mbichi, gizani kwa kupapasa, huku akinong'ona, "Lowell, jicho lako hilo la kulengea, lipofuke."

Karibu naye kitu kikaacha kupumua. Hapo ndipo alipotambua kwamba kilikuwa kikipumua muda wote.

Asubuhi gundi ilikuwa imekauka, akakiinua chuma. Gundi ile hunakili kila kinachoigusa, hata mkwaruzo. Pale palipolaliwa na chuma peke yake, palikuwa na alama ya sikio la mtu, pamoja na vinyweleo vyake.