Kura za Kokwa za Tende

Soko la Jumatano la Ibra, huku kwetu Oman, si mchezo. Wanawake wamejaa tangu asubuhi, huyu ananusa ubani, yule anavuta kitambaa, mwingine ameshika kichupa cha wanja na anabishana bei mpaka sauti imemkauka. Basi katikati ya mabaibui yote yale akatokea mwanamume! Mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, kofia ya kushonwa kwa mkono, na udi anaonukia unatangulia mbele yake.

"Wee! Unakwenda wapi?" mama mmoja alipiga ukelele. "Mamnu', marufuku! Hili soko la wanawake!"

"Mwanamume kaingia! Jamani, mwanamume!"

Masikini Humaid. Yeye kazi yake iko Sur, kwenye mtambo wa gesi, na mambo ya Ibra hayajui. Mjomba wake ndiye aliyemwambia, "Pita soko la Jumatano, mabakuli ya pale mazuri." Hakumwambia kwamba wanaume hawaingii. Akabaki amesimama, uso mwekundu, hajui mlango uko upande gani.

"Kaka, umepotea au unatafuta mke?"

Aligeuka. Msichana wa baibui lenye nakshi za zambarau mikononi na shela ya zambarau alikuwa anamcheka waziwazi. Macho yake yalipakwa wanja vizuri sana, na Humaid akasahau alichokuja kununua.

"Natafuta... mabakuli," alisema mwishowe. "Mawili. Rangi mbalimbali."

"Yallah, toka nje kabla hawajakupiga. Nitakununulia mimi."

Dakika chache baadaye alimtokea nje ya lango na bakuli la kijani na bakuli jeupe. "Unapika nini kwenye rangi mbili?"

"Sipiki. Ya uchaguzi wa Jumuiya. Mimi ndiye nitakayehesabu kura Ijumaa hapa Ibra."

Msichana aliacha kucheka. "Wallahi? Mama yangu ndiye mgombea. Bi Fawziya wa Mudhaibi."

"Loo! Na mpinzani wake, Mzee Zakariya, ni mjomba wangu. Amenilea tangu baba alipofariki."

"Basi mimi na wewe maadui."

"Adui gani anamnunulia mwenzake mabakuli? Nipe jina lako angalau nijue nani wa kumwogopa."

"Najla," alisema, na namba ya simu akampa pia. Uadui wa aina hii, jamani, si wa kuogopesha.

Hapa lazima nieleze kidogo. Jumuiya yetu, ya watu tuliorudi kutoka Afrika na watoto wetu tuliowazaa huku, inachagua rais wake Maskati. Kila kanda inapeleka mgombea mmoja. Kanda yetu ina miji mitatu, na inapiga kura kwa zamu: Ibra kwanza, pamoja na jirani zao wa Mudhaibi, Sur Ijumaa ya pili, Nizwa Ijumaa ya tatu. Anayechukua miji miwili ndiye anayekwenda Maskati. Na kila mji una namna yake ya kuhesabu, wala usijaribu kuwabadilisha. Sur wananyoosha mikono. Nizwa wanasimama, wa huyu kulia na wa yule kushoto. Ibra, kwa sababu wazee wao hawataki karatasi, mtu anapewa kokwa moja ya tende mlangoni akaitie kwenye bakuli la amtakaye.

Haijapata kutokea kanda yetu ikapeleka mwanamke. Bi Fawziya, mwalimu mstaafu, aliutaka urais ule kwa moyo wake wote. Hakuwa anaficha. "Miaka yote wanaume wanakutana, wanakula, wanaondoka," alikuwa akisema. "Mimi nataka vijana wetu wafundishwe Kiswahili. Mwanangu mwenyewe akiongea ni nusu Kiarabu!"

"Mama, inzein, nimefahamu," Najla angemjibu, na kuthibitisha maneno ya mama yake.

Ijumaa ya Ibra ukumbi ulijaa. Bakuli la kijani la Bi Fawziya liliwekwa karibu na dirisha. Jeupe la Mzee Zakariya liliwekwa kwenye meza ya katikati, na kwa kuwa meza ilikuwa kubwa, sinia la tende na birika la kahawa likawekwa papo hapo. Humaid alisimama kulinda kura. Najla akajipa kazi ya kumimina kahawa, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Umekuja kunipeleleza?" Humaid alimnong'oneza.

"Nimekuja kuhakikisha huibi."

"Naiba kitu kimoja tu hapa, na si kura."

"Maneno hayo umejifunza mtamboni?" alisema Najla, akatia tende mdomoni ili asionekane anatabasamu. Akala nyingine. Na nyingine. Walizungumza mpaka kahawa ikapoa. Humaid alimwambia kwamba akipenda Mungu, uchaguzi ukimalizika, mjomba wake atakwenda Mudhaibi kwa posa. Najla akazidi kula tende tu.

Jioni Humaid akahesabu kokwa mbele ya watu. Bi Fawziya hamsini na mbili. Mzee Zakariya tisini na moja. Ukumbi ukapigwa na butwaa, halafu simu zote zikatoka mifukoni kwa pamoja. Kabla watu hawajafika kwenye magari yao, Sur nzima na Nizwa nzima zilikuwa na habari.

Na habari ile ndiyo iliyofanya kazi. Sur walikuwa watu wa Bi Fawziya, wengine amewafundishia watoto. Lakini Ijumaa yao walipofika walikuwa wameshakata tamaa. "Ibra nyumbani kwao wamemkataa," walisema. "Kura yangu niitupe bure?" Mikono ikanyooka kwa Zakariya. Miji miwili, khalas. Nizwa ilibaki ya kula chakula cha mchana tu.

Bi Fawziya alirudi Mudhaibi kimya. Alivua shela yake ya hariri, akaikunja, akasema, "Nizwa siendi. Nitajitoa." Najla alimtazama mama yake, akaona amezeeka ndani ya wiki moja. Hasira zikampanda, akaingia chumbani na kupiga simu.

"Roho yangu," Humaid alipokea, "nilikuwa karibu..."

"Usiniite roho yako! Ulihesabu vipi Ibra?"

"Vipi, vipi? Kokwa moja moja, mbele ya watu."

"Mpwa anamhesabia mjomba wake! Watu wanasema, Humaid."

"Watu wanasema. Wewe unasemaje?"

Najla angesema neno moja zuri mambo yangekwisha. Hakulisema.

"Mimi nasema usinipigie tena." Akakata, akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Siku tano hizo Humaid hakuwa mtu. Alipika chai akasahau majani. Najla naye akajitia ana kazi nyingi, akirudi kutoka kituo cha afya anakoshughulika na dawa anaingia jikoni kumsaidia mama yake, na simu ameilaza kifudifudi asiione. Ndiyo hali aliyokuwa nayo Jumatano ile, anakula tende kwa hasira, mama yake anakanda mandazi pembeni yake.

"Najla! Una wazimu? Kokwa kwenye unga wangu?"

Najla alitazama chini. Kokwa tatu zilikuwa zimekaa juu ya unga mweupe. Hakukumbuka kuzitia. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye bakuli lililo karibu, kama unavyokwenda mkono wa kila mtu wa nchi hii tangu akiwa mtoto: unakula tende, unatafuta bakuli la kokwa, unatupa.

Bakuli lililo karibu.

"Yaa Rabbi," alisema. "Mama, usijitoe. Nakuomba, ngoja mpaka Ijumaa."

"Kuna nini?"

"Ngoja tu!" Na alikuwa ameshakimbilia chumbani.

Humaid alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Mwizi ni mimi," Najla alisema.

"Nani huyu?"

"Humaid, usinitanie, nitalia. Bakuli la mjomba wako lilikuwa pamoja na tende! Mimi nimekula pale, na kokwa nimezitia mle mle. Na wote waliokuja kunywa kahawa wamefanya hivyo hivyo. Wewe umehesabu sawa. Umehesabu tende zetu!"

Humaid akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kokwa mia na arubaini na tatu, na viti mle havifiki mia! Na mimi sikuhesabu watu. Nilikuwa natazama kitu kingine."

"Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu ulipokata simu." Kisha sauti ikambadilika. "Lakini Najla, nikisimama Nizwa nikasema kura za mjomba ni tende, nimemvunjia heshima mbele ya kanda nzima. Na yeye ndiye wa kuja kwenu. Akikataa, sina mtu mwingine."

Najla alikaa kitandani. Hilo hakuwa amelifikiria. "Basi nyamaza. Nitasema mimi."

"Mhesabu ni mimi. Nitasema."

Ijumaa baada ya sala, watu wa miji yote mitatu walikutana Nizwa, wanaume mbele, wanawake nyuma, wali na nyama vinanukia kutoka nje. Mzee Zakariya, muuza matairi, tumbo mbele na bakora ya fedha mkononi, alikuwa anapokea mikono ya pongezi. Humaid akasimama.

"Shikamooni wazee wangu. Matokeo ya Ibra si sahihi. Kokwa zilikuwa nyingi kuliko watu, na makosa ni yangu."

"Humaid!" Mzee Zakariya alisema. "Mbele za watu? Mimi mjomba wako?"

"Mjomba, nisamehe. Ni kweli."

Minong'ono ikaanza, mmoja akasema ameiba, mwingine akasema amehongwa na upande wa pili. Najla hakuweza kuvumilia. Alisimama nyuma kule, shela ya zambarau ikamteleza, akaikamata.

"Hakuiba mtu! Bakuli la Ami Zakariya lilikuwa karibu na tende. Tulikula, tukatia kokwa humo. Saba ni zangu mimi!"

Mzee mmoja wa Ibra akakohoa. "Mimi nne, nadhani."

"Mimi labda sita," alisema bibi mmoja. "Zilikuwa tende nzuri."

Kicheko kilicholipuka pale kiliwatoa wapishi nje ya jiko. Mzee Zakariya mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika. "Hata mimi," alikiri, "nilitia zangu. Nikadhani watu wote wananipenda!"

Ikaamuliwa palepale: miji isihesabiwe, vihesabiwe vichwa, kila mtu asimame upya. Watu wa Sur, waliokuwa wamemfuata mshindi, walitazamana, wakarudi kwa mwalimu wao. Upande wa kulia, uliokuwa wake, ukajaa mpaka mlangoni. Bi Fawziya aliona, akashika mdomo wake kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Lakini mama ni mama. Alifuta machozi, akamgeukia binti yake.

"Najla. Tende saba?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe tende ukila mbili umeshiba. Ulisimama hapo na nani mpaka ukala tende saba?"

Mtu mzima na akili zake, Humaid akainamisha kichwa na kutazama ndara zake. Ukumbi mzima ukamtazama yeye.

Mzee Zakariya alimwangalia mpwa wake, akamwangalia Najla, akaelewa. Alikuwa ameshindwa kura mbele ya kanda nzima na mtoto aliyemlea ndiye aliyemwangusha. Mzee akaweka bakora chini, akavuka ukumbi mpaka kwa Bwana Abdullatif, baba yake Najla, ambaye siku zote hasemi mengi.

"Bwana Abdullatif, kura mmezichukua nyinyi, mabruki, hongereni. Lakini leo siondoki mikono mitupu. Mwanangu Humaid namwombea mkono wa binti yenu."

Bi Fawziya alifungua mdomo. Bwana Abdullatif akamzuia kwa mkono, taratibu.

"Mimi niliwaona tangu Ibra," alisema. "Nilikuwa naongeza tende kwenye sinia ili wasimalize mazungumzo. Muulizeni binti."

Wanawake wote wakamgeukia Najla. Alijifunika uso kwa shela, na kutoka ndani yake ikatoka "ndiyo" ya sauti ndogo, lakini waliokaa karibu wote waliisikia, na vigelegele vikapaa mpaka nje kwenye masufuria.