Aliinama Ili Anisikie

Ijumaa za Rockford, mji wa Marekani, ni za samaki wa kukaanga, na jioni hiyo ukumbi wa kanisa ulifurika hata pa kuweka kiwiko hapakuwepo. Corinne, dereva wa basi la shule, mdogo wa kimo na mkubwa wa mdomo, alikuwa kwenye foleni na gauni lake la njano, nyuma ya mgongo mpana uliomzibia meza yote.

"We nguzo! Samaki wataisha tukitazama shati lako!"

Mgongo haukugeuka. Akalivuta shati. Ndipo Lamont, fundi wa kiwandani, mweusi, mrefu wa kugonga vizingiti vya juu vya milango, alipoinama mpaka sikio lake la kulia likafika mdomoni mwa Corinne.

"Rudia, bibie. La kushoto limeshaliwa na mashine za kiwandani."

"Nimesema una shati zuri."

"Mwongo. Nimesikia 'nguzo'."

Corinne aliondoka pale na samaki, saladi ya kabeji na namba ya simu. Tangu siku hiyo yeye akawa Robo kwa ufupi wake, Lamont akawa Nguzo. Wakahamia nyumba moja, pete ikanunuliwa, na kila Corinne aliposema jambo la chini chini, Lamont aliinama. "Unasemaje, mpenzi?" Hakuna alichokipenda Corinne zaidi duniani.

Lakini wivu haubishi hodi. Asubuhi moja ya Jumapili simu ya Lamont iliwaka mezani: *Usimwambie bado. Jumanne njoo peke yako. Yvonne.* Corinne, kikombe cha kahawa mkononi, alinong'ona tusi ambalo halifai kuandikwa. Lamont alikuwa akigeuza mayai, akasikia mnong'ono tu. Akamsogelea, akainama.

"Unasemaje, mpenzi?"

Corinne akampiga kwa kikombe juu ya jicho.

Jirani ndiye aliyewaita polisi. Corinne alitolewa akiwa na pingu mikononi, ndala miguuni, na hakimu akaamuru asimkaribie Lamont wala kumpigia simu mpaka kesi iishe. Aliyempigia Corinne ni dada yake Lamont, na hakumbembeleza.

"Yvonne ni bibi wa kliniki ya masikio, ana wajukuu. Kaka yangu alikuwa anatengenezewa mashine ya kusikia. Alitaka siku ya harusi akusikie ukisema 'ndiyo' bila kuinama mbele za watu. Haya, umefurahi?"

Corinne alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

Wakili wake, Bwana Petrakis, alikuwa mjanja wa suti ya kijivu na pumzi ya mnanaa.

"Ukikutwa na hatia ya kumpiga mwenzio, kazi ya basi la shule uisahau. Lakini jeraha liko juu ya jicho, nawe unamfikia kifuani. Ungemfikiaje? Alikuinamia! Nitakuuliza kama aliinama. Utajibu ndiyo, utanyamaza. Mwanamume mweusi wa kimo kile, mwanamke mweupe wa kimo chako, watu wa juri, wale raia wanaoamua hatia, watajazia wenyewe kwamba ulijihami."

"Lakini aliinama ku..."

"Nimesema unyamaze wapi? Baada ya 'ndiyo'."

Siku ya kesi, jirani alieleza alichokiona dirishani. Kisha mwendesha mashtaka akamwita Lamont Tibbs. Alivaa suti ya bluu, ana kovu juu ya jicho, na nyuma ya sikio la kushoto kilikaa kidude cha rangi ya kahawia. Corinne alipokiona alikijua: ndicho kile cha harusi.

"Nani alikupiga, Bwana Tibbs?"

"Niligonga kabati."

Mmoja wa watu kumi na wawili wa juri akakohoa kuficha kicheko. Lamont akarudi kuketi kwenye mabenchi ya nyuma.

Zamu ya Corinne ikafika. Petrakis akasogea, akalainisha sauti.

"Kabla ya kile kikombe, Bwana Tibbs alikuinamia?"

"Ndiyo."

"Sina swali zaidi."

Corinne aliyaona macho ya juri yakimwonea huruma, halafu yakahamia kwa Lamont na kukauka. Lamont naye aliyaona. Akaitoa mikono yake mikubwa juu ya benchi, akaificha mapajani kama mtoto aliyekutwa na sukari. Corinne hakunyamaza kama alivyoambiwa.

"Aliinama ili anisikie," alisema. Petrakis akageuka haraka. "Sikio moja halisikii. Siku zote ananiinamia, na hajawahi kunipandishia hata sauti. Sikumwogopa. Niliona wivu, nikampiga. Kabati halina kosa."

Juri hawakukawia: ana hatia. Hakimu akampa kifungo cha nje na masomo ya kuzuia hasira. Akamuuliza Lamont kama anataka amri ya kutokaribiana iendelee. "Hapana, mheshimiwa."

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Corinne alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Nisamehe, Nguzo."

"Nimesikia."

Lakini hakuinama. Alisimama wima, na uso wake ukabaki kule juu. Corinne akaelewa kwamba kuinama ndiko kulikomletea kikombe, ikamuuma kuliko hukumu. Hakumwomba ainame. Alipanda ngazi moja, akapanda nyingine, akapanda tena, mpaka macho yao yakalingana na kovu likawa mbele yake.

"Basi nitapanda mimi," alisema. "Bado unataka kunioa?"

Lamont aligusa kovu lake.

"Maliza masomo yako kwanza, Robo. Kisha uniulize tena, ukiwa umesimama hapohapo."